Tanuru la Wazee na Chombo cha Anga: Jibu kwa Wanaosema Maketi za Vijana Si Desturi

Kitabu hiki kidogo cha chama chetu kinasema juu ya desturi. Wenzetu wameandika juu ya mahari, ngoma, vyungu na majina ya ukoo. Sisi tumeomba kurasa chache kwa ajili ya ugomvi, kwa sababu ugomvi wenyewe ulitokea ndani ya chama, na ukinyamaziwa utaoza.

Ulianza siku ya kutayarisha maonyesho. Meza zilikuwa zimekwisha kugawanywa: meza ya vikapu, meza ya misalaba ya shaba, meza ya malakiti iliyosuguliwa, meza ya ngoma. Wakaja vijana wa Kikula, wanne, wamebeba mlango wa zamani kama watu wanaobeba mgonjwa. Juu ya mlango huo walikuwa wamejenga mji wetu wa Likasi jinsi wanavyoufikiri utakuwa baada ya miaka mia: nyumba, treni, watu, roboti na vyombo vya anga. Kazi ya namna hii wenye kuijua wanaiita diorama, yaani maketi inayosimulia tukio, ambamo ardhi, majengo na watu vimepangwa pamoja kwa kipimo kimoja.

Mzee mmoja wa kwetu, tunayemheshimu na ambaye ametufundisha mengi, akatazama mara moja akasema: "Ile haiko desturi yetu. Ile ni bintu bya bazungu, bya filme. Bapeleke ku masomo yabo." Watu wakacheka. Kamati ikaamua ubao ubaki nje, chini ya mwembe, na mvua ilipotisha vijana wakaufunika kwa mfuko wa plastiki.

Sisi tulikuwa ndani ya kamati hiyo. Hatukusema kitu siku ile. Leo tunasema.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe

Wengi waliocheka hawakuinama kutazama. Tuwaeleze basi.

Ardhi ya ule mji ni magazeti yaliyolowekwa na kupondwa pamoja na gundi ya unga wa muhogo. Kabla haijakauka ikanyunyiziwa vumbi jekundu la barabara, lile linaloingia ndani ya nyumba zetu kila mwezi wa nane. Vilima vyeusi ni mabaki ya tanuru yaliyovunjwavunjwa. Reli ni waya za umeme zilizonyooshwa. Treni haina magurudumu, inaelea, na kinachoishika ni waya mwembamba uliofichwa ndani ya moshi wa pamba. Upande wa Panda, penye karakana, wameweka kiwanja cha vyombo vya anga. Chombo kikubwa kimekatwa katika makopo ya maziwa, madirisha yake ni vifuniko vya chupa, na taa zake zilitolewa katika tochi mbovu na zinawaka kwa betri ya simu.

Halafu kuna watu. Mwili ni waya, nyama ni karatasi na gundi. Wengine walikuwa wanasesere wa plastiki waliovunjika. Vijana walikata kichwa cha huyu, wakachukua mkono wa yule, wakaupasha juu ya mshumaa ili ukunjike, wakaunganisha. Kuna kapita wa mwezini, amevaa kofia ya mgodi, mkono wake mmoja ni mashine. Karibu naye mama muuzaji amekaa chini na beseni la samaki wakavu, amefunga kitenge, mtoto yuko mgongoni. Mtoto naye amevaa kofia ya anga, na kofia ile ni kile kibonyeo cha plastiki kinachofunga kidonge cha dawa. Mtu aliyefikiria kibonyeo kile ana macho.

Rangi ni mabaki waliyopewa na mafundi wa kupaka motokari. Wanapaka nyeusi kwanza. Juu yake rangi yenyewe. Kisha wanachanganya rangi ya giza na mafuta mengi, wanaimwaga kwenye mikunjo na kuipangusa upesi ili uchafu ubaki pembeni tu. Mwisho wanachukua burashi iliyo karibu kukauka, yenye rangi ya fedha kidogo, wanaigusisha kwenye kingo ili chuma kionekane kimechakaa. Kijana aliyetueleza haya hakuyasoma popote. Anasema alitazama vile vyuma vya Shituru vinavyozeeka.

Sasa tuje kwenye maneno ya waliokataa. Yako matatu, na tutayajibu moja moja.

Neno la kwanza: "Ni bintu bya bazungu"

Tunauliza: kitu cha kwetu ni kipi? Meza ya misalaba ya shaba iliwekwa mbele kabisa, na ilistahili. Lakini wale Basanga na Bayeke walioyeyusha shaba hawakuwa watunzaji wa makumbusho. Walikuwa mafundi. Walichukua udongo wa kichuguu wakajenga tanuru, wakachoma makaa, wakafukuta kwa mivukuto, wakapata chuma chekundu kutoka katika jiwe la kijani. Mtu anayegeuza jiwe la kijani kuwa msalaba mwekundu, mbele ya macho ya kijiji, anafanya jambo la ajabu kuliko roketi. Katika makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba miaka ya 1957 na 1958 walikuta misalaba ya shaba imezikwa pamoja na watu. Misalaba hiyo ilibadilika kwa vizazi: ya zamani zaidi mikubwa, ya baadaye midogo midogo, ikawa feza ya kubadilishana. Hata desturi hii tunayoipigia magoti ilikuwa ikibadilika mikononi mwa wenyewe.

Tuchukue lukasa ya Baluba, ambao wengi wetu hapa Likasi tunatoka kwao. Ni ubao wa kushika mkononi, umepigiliwa shanga na makombe. Watu wa Mbudye waliupitisha vidole wakasoma humo majina ya wafalme, safari zao, mahali patakatifu na mpango wa baraza. Je, hiyo ni nini kama si ufalme mzima uliowekwa juu ya ubao mdogo? Lukasa ni maketi ya mambo yaliyopita. Ubao wa vijana wa Kikula ni maketi ya mambo yajayo. Mkono unaopanga ni uleule, kidole kinachoonyesha ni kilekile.

Mtatuambia: mambo yaliyopita yalikuwako kweli, lakini nani ameona mama akiuza samaki mwezini? Haya. Nani kati yenu amemwona mamba muntu? Miaka ya 1970 picha yake ilitundikwa katika vyumba vingi vya kupokelea wageni, hapa Katanga yote, nusu mwanamke, nusu samaki, imepakwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga. Baba zetu waliinunua kwa mshahara wao na kuiweka mahali pa heshima, karibu na picha ya arusi. Hakuna aliyesema ni upumbavu. Leo vitabu vikubwa vinaandikwa juu ya picha zile, na sisi tunajivuna kwamba ni za kwetu. Zilikuwa za kubuni tupu.

Na kabla ya hayo yote, sisi wenyewe tulikuwa watoto. Nani hapa hakutengeneza motokari ya waya? Ile yenye usukani mrefu wa waya unaofika kiunoni, magurudumu ya kopo au ya ndala zilizokwisha. Tulinakili Land Rover ya kampuni mpaka kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Hatukuwa na Land Rover na hatukujua kama tutaipanda siku moja. Tulijenga kwa waya kitu ambacho hatukuwa nacho. Vijana hawa wanafanya sawa vile, ila wamekwenda mbali zaidi ya Land Rover.

Ndugu zetu, nchi hii imekwisha kutoa mabwana wa kazi hiyo, ila sisi hatuwajui. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 Kimbembele Ihunga, katika Bandundu. Alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Kinshasa, mwalimu kama sisi. Akaanza kukata karatasi na kadibodi, akajenga majumba ambayo hayako popote. Inasimuliwa kwamba alipopeleka maketi yake makumbusho ya taifa, wakuu hawakusadiki kuwa ni kazi ya mikono yake, ikabidi atengeneze nyingine mbele yao. Kisha wakampa kazi: kukarabati vinyago vya zamani. Sikieni vizuri, wapenzi wa desturi. Mikono iliyotibu vinyago vya wazee ndiyo iliyojenga miji ya kesho. Haikuona vita kati ya kazi hizo mbili.

Mwaka 1989 alialikwa Paris kwenye maonyesho yaliyoitwa Magiciens de la terre. Mwaka 1996 akajenga Ville Fantôme, mji ambao kwa maelezo yake hauhitaji polisi. Mwaka 1997 akafanya mradi wa Kinshasa ya milenia ya tatu. Mwaka 2000 Wafaransa wa mji wa Sète wakapata kutoka kwake mji wao jinsi utakavyokuwa mwaka 3009. Alifariki mwaka 2015. Mwaka 2018 jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, likafungua maonyesho ya kazi zake peke yake. Karatasi, kadibodi, vifuniko vya chupa, makopo: takataka zilezile tunazozifagia.

Yuko pia Rigobert Nimi, aliyezaliwa mwaka 1965 katika Bas-Congo. Huyo anajenga roboti na vituo vya anga kwa bati, plastiki na waya za umeme, vyenye taa na sehemu zinazosogea. Kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho ya Beauté Congo. Basi wazungu wenyewe wanapanga mstari na kulipa kiingilio kutazama vitu hivi kama kazi ya Wakongomani, na sisi tunavifukuza hapa kama vitu vya wazungu. Ni nani kati yetu aliyepotea?

Neno la pili: "Itatupa bukari?"

Hili ndilo neno la wazazi, nasi hatulicheki. Mzazi ambaye hajui watoto watakula nini jioni ana haki ya kuuliza. "Utakula waya?" anamwambia mtoto. Tumesikia mara nyingi.

Jibu letu si kwamba kila kijana atakuwa Kingelez. Wengi hawatauza hata kipande kimoja. Tukisema vingine tutakuwa tunawadanganya, na wamedanganywa vya kutosha.

Lakini tukumbuke. Sisi tulilelewa na msemo: "Union Minière njo baba, njo mama." Kampuni ilitoa posho, nyumba, hospitali na masomo, na baadaye Gécamines ikaendelea vilevile. Tulifundishwa kwamba kazi ni kitu unachopewa na mwingine: unaitwa, unapata namba, unafuata kapita. Kisha mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wakaondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na baba na mama wakatoweka siku moja. Ni watu wangapi tuliowaona wamekaa barazani miaka mingi wakingoja king'ora kiwaite tena? Walikuwa mafundi wazuri, wenye kujua kuchomelea, kupima na kutengeneza. Kitu hawakufundishwa ni kufikiri chombo ambacho hakuna aliyewaagiza.

Hicho ndicho vijana wa ubao wanachojifundisha. Tena wanajifundisha na mengine ambayo sisi walimu tunashindwa kuyatia vichwani kwa chaki. Mchukue kijana anayejenga kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Mtu wa sentimita 170 lazima awe na sentimita 3 na milimita 4. Behewa la mita 12 lazima liwe na sentimita 24. Akikosea, kapita wake hataingia mlangoni, na macho yake mwenyewe yatamhukumu kabla ya mwalimu. Anagundua pia kwamba sanamu iliyopunguzwa mara kumi kwa urefu inatumia udongo mara elfu moja pungufu, jambo ambalo ubaoni linawachanganya hata walio mbele ya darasa. Anajifunza betri, waya mbili, taa inayokataa kuwaka na sababu ya kukataa. Shule zetu nyingi hazina maabara. Hawa wamejitengenezea, juu ya mlango mbovu.

Neno la tatu: "Ni sanamu za shetani"

Hili linasemwa kwa sauti ya chini. Mtoto akionekana anakata vichwa vya wanasesere na kuvipachika kwingine usiku, penye mshumaa, jirani anaanza kunong'ona juu ya dawa na uchawi. Katika mji wetu minong'ono ya namna hiyo imewafukuza watoto nyumbani. Kwa hiyo hatuichukui kama mzaha.

Tunasema hivi tu: uchawi hufichwa, na kazi hii haifichwi. Vijana waliileta mchana, mbele ya kamati, wakaeleza kila kipande kimetoka wapi. Mzazi mwenye shaka aende aketi nao saa moja, ashike gundi. Mchungaji mwenye shaka afanye vilevile. Mtu aliyeshika gundi pamoja na mtoto hatamtuhumu tena.

Kesho ilianza katika udongo wetu

Tumejibu maneno matatu. Sasa tueleze kwa nini jambo hili linatuchoma.

Shinkolobwe iko karibu kilomita 20 tu kutoka hapa. Jiwe lenye uraniamu lilivumbuliwa kule mwaka 1915. Kwanza lilichukuliwa kwa ajili ya radiamu, kisha Wamarekani wakalitaka kwa kazi ya siri. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaanguka Hiroshima, na sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi ule ilikuwa imetoka kwenye shimo letu. Wazee wetu walichimba na kubeba magunia. Hawakuambiwa ni ya nini. Wakati waandishi wa Ulaya na Marekani walipokuwa wakibuni hadithi juu ya nguvu za ajabu za nyakati zijazo, nguvu zenyewe zilikuwa zikipita hapa katika mabehewa.

Tena, tarehe 17 Mei 1977, kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG ilirusha roketi ya majaribio kaskazini mwa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, nyingine ikaharibika na kuanguka mbele ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979 kazi ile ikasimamishwa. Roketi ziliruka juu ya ardhi ya Katanga, na wenye ardhi walikuwa watazamaji.

Alikuja pia Mkongomani. Jean-Patrice Keka, mhandisi, alijenga makombora yake ya Troposphère karibu na Kinshasa. Mwaka 2009 la tano likaruka na panya ndani, likaenda upande na kuanguka. Watu wengi walicheka. Kicheko kile tunakijua: ndicho kilichosikika chini ya mwembe wetu.

Njo vile. Kwa zaidi ya miaka mia dunia imejenga kesho yake kwa mawe ya kwetu: shaba, uraniamu, na leo kobalti ya betri. Sisi tumepewa sehemu ya koleo na gunia. Sasa vijana wanne wanaketi chini, wanauliza kwa waya na makopo: na kesho ya Likasi je? Nani atakuwa ndani yake? Mama muuzaji atakuwako? Mtoto atavaa kofia gani? Hakuna waziri wala kampuni iliyotuuliza maswali hayo. Na chama cha desturi, badala ya kuketi nao, kinawaambia wakae nje.

Kosa letu wenyewe

Polepole, msije mkafikiri tunanyoosha kidole kimoja tu. Mwaka 2012, katika somo la hesabu, tulimkuta mwanafunzi anapaka rangi roboti chini ya dawati. Ilikuwa ya kopo la sardini na vipande vya redio, urefu wa kiganja, na macho yake yalikuwa vioo viwili vyekundu. Tulimnyang'anya, tukaiweka juu ya kabati la walimu, tukamwambia ataipata mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka haikuwako. Mtu alikuwa amefagia.

Kijana aliacha masomo mwaka uliofuata. Hatusemi ni kwa sababu ya roboti. Feza ya shule ilikosekana, kama kwa wengi, akaenda kuchimba kwa mikono. Miaka ikapita. Siku moja tukakutana naye karibu na stasioni ya treni, mtu mzima, mabega mapana. Akatusalimu kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema akitabasamu: "Mwalimu, roboti yangu iko wapi?"

Tulicheka pamoja naye. Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna.

Maneno machache kwa vijana nao

Kuwatetea si kuwabembeleza. Nanyi tuko na la kuwaambia.

Moja: acheni kunakili filamu tu. Baadhi ya kazi zenu ni askari wa Marekani aliyepakwa rangi nyingine, mwenye bunduki nyingine. Bunduki tumeziona za kutosha bila kuzijenga. Kapita wa mwezini na mama wa samaki wana nguvu kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuwafikiri.

Mbili: jihadharini na afya zenu. Msichukue mawe ya rangi ya manjano au kijani kutoka upande wa Shinkolobwe kupambia sayari zenu, hata yawe mazuri namna gani. Mgodi ule ulifungwa kwa amri ya serikali mwezi wa kwanza mwaka 2004, na mwezi wa saba mwaka uleule uliangukia watu waliokuwa wakichimba bado. Mwanga wa jiwe lile hauonekani, lakini unaingia mwilini. Msivunje betri za motokari, risasi iliyomo ni sumu. Mkisugua malakiti au bati, fanyeni nje na mfunge pua kwa kitambaa chenye maji. Rangi na mafuta visikae karibu na mshumaa.

Tatu: andikeni jina, mwaka na vifaa chini ya kila kazi. Wachongaji wetu wa zamani hawakuandika, na leo makumbusho ya Ulaya yamejaa vitu vizuri vyenye maneno "mtu asiyejulikana". Msikubali kuwa watu wasiojulikana mara ya pili.

Tunachokiomba chama

Tunaomba mambo manne, tena tunaomba yaandikwe katika kitabu cha mikutano.

Kwanza, meza moja ndani ya ukumbi kwa maketi na sanamu za vijana, katikati ya misalaba ya shaba na malakiti. Pili, kila mwaka chama kinunue kazi moja, hata kwa bei ndogo, ibaki hapa Likasi. Kazi za Kingelez zimekwenda Ulaya na Marekani, na mtoto wa Kongo anaziona katika picha tu. Tusirudie. Tatu, wazee wanaojua kufua shaba na kusuka waya waalikwe kuwafundisha vijana hawa, kwa sababu chombo cha anga kilichofunikwa kwa shaba iliyopigwa na nyundo ya kwetu kitakuwa kitu kipya kweli. Nne, sisi walimu tuache kunyang'anya. Kama somo ni la hesabu, tumwambie mtoto atuonyeshe kipimo cha roboti yake.

Kwa mzee wetu aliyesema ubao ule si desturi, tunasema kwa heshima yote: Tata, desturi ulizotufundisha zilianzishwa siku moja na mtu, na siku hiyo palikuwa na mwingine aliyemcheka. Yule wa kwanza aliyejenga tanuru juu ya kilima na kuweka mawe ya kijani motoni, jirani zake walisema nini? Hatuna shaka kwamba mmoja aliuliza kama atakula mawe.

Maonyesho yajayo, ubao uingie ndani. Ni mzito, na mlango wa ukumbi ni mwembamba. Sisi tutashika upande mmoja.